Jina Lililoandikwa Sakafuni

Ukumbi wa Stokely, uliofunguliwa mwaka 1958 katika Chuo Kikuu cha Tennessee mjini Knoxville, Marekani, ulibomolewa mwaka 2014, na pamoja na kuta zake likapotea mojawapo ya majengo machache yaliyoweza kumwonyesha msichana wa leo mahali mpira wa kikapu wa wanawake ulipokomaa chuoni hapo, kabla timu haijahamia uwanja mkubwa wa Thompson-Boling mwaka 1987. Msichana anayeingia uwanja huo mpya hukuta sakafu yenye jina la Summitt, na ni rahisi kwake kulichukulia kuwa jina la mahali tu, kama la barabara au la kituo cha basi, ilhali mwenye jina hilo alikuwa kocha aliyezifua mwenyewe jezi za wachezaji wake.

Alipokabidhiwa timu hiyo mwaka 1974 bado aliitwa Patricia Head, binti wa mkulima, aliyekulia kwenye kazi za tumbaku, nyasi kavu na ng'ombe wa maziwa katika jimbo hilohilo la Tennessee, na kwa umri wake wa miaka 22 aliwazidi baadhi ya wachezaji wake mwaka mmoja tu. Kumbukumbu zinataja Desemba 7, 1974 kuwa siku ya mchezo wake wa kwanza, ambamo timu yake ilifungwa na Chuo Kikuu cha Mercer kwa pointi 84 kwa 83, lakini tarehe hiyo haisaidii sana kumwelewa, kwa kuwa sehemu kubwa ya ukocha wake wa miaka ile ilifanyika kabla ya wachezaji kufika uwanjani na baada ya wao kwenda kulala.

Mshahara wake ulikuwa dola 250 kwa mwezi. Kwa malipo hayo alifundisha timu huku akisomea shahada ya uzamili, akifundisha madarasa ya elimu ya viungo na kuliuguza goti aliloumia akiwa mchezaji, goti ambalo alilirudisha katika hali ya kuweza kucheza kwenye Olimpiki ya Montreal ya 1976, mashindano ya kwanza ya Olimpiki kuwa na mpira wa kikapu wa wanawake, ambako timu ya Marekani ilipata medali ya fedha. Timu ilipokwenda kucheza ugenini yeye ndiye aliyeshika usukani wa gari, na safari moja wote walilala katika ukumbi wa wapinzani wao, juu ya magodoro ya mazoezi ya viungo, wakisubiri mchezo wa kesho yake. Jezi zilikuwa zimenunuliwa mwaka uliotangulia kwa fedha za kuuza donati, yaani maandazi ya mviringo yenye tundu katikati, na jezi iliyopatikana kwa senti za maandazi haiachiwi mtu asiyejali, ndiyo maana zilifuliwa nyumbani kwa kocha. Katika majaribio yake ya kwanza ya kuchagua wachezaji aliwakimbiza wasichana mbio za kwenda na kurudi kutoka mstari hadi mstari, na wanne kati yao walipoufikia mlango walipitiliza nje, wakapanda ngazi na wasionekane tena. Wale waliobaki ndio walioianza historia ambayo sasa inasimuliwa kwa makombe tu.

Kumtathmini kocha huyo kwa haki kunadai pia kueleza mchezo aliourithi, kwa sababu shule za sekondari za Tennessee ziliwachezesha wasichana kwa kanuni ya wachezaji sita, ambayo kwayo watatu walishambulia na watatu walilinda, na hakuna aliyeruhusiwa kuvuka mstari wa katikati ya uwanja. Msomaji anayeufahamu mpira wa pete, ambao humfunga kila mchezaji katika eneo lake, ataielewa kanuni hiyo upesi, ila hapa madhara yake yalikuwa makubwa zaidi: msichana aliyepangwa kuwa mlinzi alimaliza sekondari bila kulenga kikapu hata mara moja katika mchezo rasmi, na alipoomba ufadhili wa masomo kwa njia ya michezo alijikuta akishindana na wasichana wa majimbo mengine waliocheza uwanja mzima. Kanuni hiyo ilitetewa kwa hoja kwamba mwili wa mwanamke haustahimili mbio ndefu, hoja ambayo binti aliyelelewa akibeba marobota ya nyasi hakuweza kuivumilia, naye aliipinga hadharani mpaka ilipoondolewa mwaka 1979. Kombe hakupewa kwa kazi hiyo, ingawa yawezekana ndiyo iliyowafaa wasichana wengi kuliko ushindi wake wowote.

Wachezaji wake walimwita Pat, bila cheo, jambo linaloweza kumshangaza msomaji aliyezoea kumwita kocha wake Mwalimu au Mama, lakini heshima aliidai kwa njia nyingine. Darasani walitakiwa kuketi katika safu tatu za mbele, kukosa kipindi bila ruhusa kulikuwa na adhabu, na macho yake ya buluu yaliyomkazia mchezaji aliyezembea yalitosha kumrudisha mbioni. Kila mchezaji aliyemaliza miaka yake ya kucheza Tennessee alihitimu shahada, na rekodi hiyo inastahili kutajwa kabla ya nyingine yoyote.

Zile nyingine zinafahamika. Mwaka 1982 chama cha taifa cha michezo ya vyuo, NCAA, kilianzisha mashindano yake ya wanawake, Summitt akaiongoza timu ya taifa kutwaa dhahabu ya Olimpiki mwaka 1984, kisha Tennessee ikatwaa ubingwa wa vyuo mara nane kati ya 1987 na 2008, ukiwamo msimu wa 1997–98 ambao ilishinda michezo yote 39. Alistaafu akiwa na ushindi 1,098 katika misimu 38.

Fedha ziliufuata mchezo, na hapo ndipo pana uchungu, kwa sababu mwaka 1972, ilipopitishwa sheria ya kukataza ubaguzi wa kijinsia katika taasisi za elimu zinazopokea fedha za serikali kuu, timu zaidi ya tisa katika kila kumi za wanawake vyuoni ziliongozwa na wanawake, na leo hazifiki nusu. Kazi ilipokuwa ya kufua jezi na kuendesha gari waliachiwa wanawake. Ilipopata mshahara mnono ikaonekana kuwa inawafaa wanaume pia. Chuoni Tennessee kwenyewe, idara ya michezo ya wanawake iliunganishwa na ya wanaume, na mwaka 2015 jina la Lady Vols, ambalo timu za wanawake zilijijengea kwa jasho, liliondolewa kwa timu zote isipokuwa ya mpira wa kikapu, hadi wapenzi wake walipopiga kelele na likarudishwa mwaka 2017. Tangu 2023 jina la kampuni ya maduka ya vyakula limeongezwa kwenye jina la uwanja.

Agosti 2011 Summitt alitangaza kwamba alikuwa na Alzheimer, ugonjwa wa ubongo unaofuta kumbukumbu hatua kwa hatua, ambao kwake ulianza mapema kuliko kawaida, naye akaendelea na msimu mmoja zaidi. Msimu huo mara nyingi aliyesimama kando ya uwanja kutoa maelekezo alikuwa Holly Warlick, mchezaji wake wa miaka ya sabini na msaidizi wake wa miaka mingi, ambaye mwezi Aprili 2012 alikabidhiwa timu. Summitt alifariki Juni 28, 2016, akiwa na miaka 64. Katika michezo ile ya mwisho alikuwa ameketi kwenye benchi, miguu juu ya sakafu yenye jina lake, na wasichana waliotoka uwanjani kupumzika walipita mbele yake wakimwita Pat.