Kumpenda Mtu au Kupenda Sura?

Miongoni mwa filamu zisifiwazo sana ulimwenguni ni Vertigo, aliyoitengeneza Alfred Hitchcock huko Marekani mwaka 1958. Mwaka 2012, wachambuzi waliopigiwa hesabu kura zao na gazeti la Uingereza liitwalo Sight and Sound waliiweka mbele ya filamu zote. Hatuitaji hapa ili kuwahimiza vijana wetu waende sinema, bali kwa kuwa imefichua maradhi ya moyo yaliyomo hata katika nyumba za waumini.

Kisa ni cha Scottie, mpelelezi wa San Francisco aliyeacha kazi kwa kuogopa mahali pa juu. Alitakiwa na rafiki yake amfuatie mkewe nyendo zake, naye akampenda. Kisha akaamini kuwa bibi yule ameanguka kutoka mnara wa kanisa na kufa. Baadaye akakutana na Judy, msichana muuza duka, aliyefanana na marehemu. Scottie hakutaka kumjua Judy ni nani. Alimnunulia nguo ya kijivu mfano wa ile ya marehemu, akamshurutisha abadili rangi ya nywele na namna ya kuzifunga. Judy alimsihi ampende kama alivyo, asisikilizwe. Kumbe ndiye yule yule, aliyekodiwa kujifanya mke wa mtu ili mauaji yafichike! Mwisho Judy naye alianguka kutoka mnara ule ule, akafa.

Ndugu wasomaji, je, hatuwaoni wajane wanaooa tena, kisha kila siku humwambia bibi mpya, "Marehemu hakupika hivi"? Na kijana je, anayemtaka mchumba wake afanane na picha aliyoipenda? Mwanamke huyo hulishwa na kuvishwa, lakini yeye mwenyewe hajakaribishwa nyumbani.

Mtume wetu (S.A.W.) alidumu kumpenda Bibi Khadija baada ya kufa kwake, akichinja mbuzi, huwapelekea nyama marafiki zake. Bibi Aisha ndiye aliyeyasimulia hayo, wala hakuuficha wivu wake. Lakini hatukupata kusikia kwamba Mtume alimtaka Aisha awe Khadija. Alishindana naye mbio, akamwacha awe Aisha.

Basi aliyekufa tumwombee dua na kumtolea sadaka. Na aliye hai tumpe haki yake, kwa jina lake na sura yake. Mwenyezi Mungu atuwafikishe. Amin.