Ukuta wa Bandarini

Kwa miaka mingi ukuta wa ghala kuukuu pale bandarini Ozi ulikuwa mahali pa kutupia taka. Lipu ilikuwa imebanduka, na aliyeshuka chomboni akitokea Kipini alipokelewa na harufu kabla ya salamu. Vijana walipoomba ruhusa waupake chokaa na kuchora vyakula vya kwetu, hatukuwa na la kupinga. Ubishi ulianza tulipoketi kuamua kichorwe nini.

Samaki ndiye aliyetukwamisha kwanza. Wazee walituasa tusichore chenye roho, wakakumbusha jinsi Ibn Abbas, Mwenyezi Mungu amuwie radhi, alivyomwelekeza mchoraji mmoja achore miti na visivyo na roho, ikiwa hana budi kuchora. Tukaridhika. Kikachorwa chungu kilichofunikwa, na kina mama wakacheka kuwa humo ndimo samaki anamopendeza zaidi. Kuta zenye vyombo vya chakula, hata hivyo, si jambo geni pwani yetu: katika kaburi la mnara la Mambrui yalijengewa mabakuli ya Kichina, na zidaka za nyumba za Lamu zilipambwa kwa sahani za kauri.

Lililokuwa zito ni mpunga. Baba zetu waliulima kwa maji ya mto yaliyosukumwa na bahari. Bamvua likijaa, maji matamu ya Tana yalirudishwa nyuma yakapanda mashambani, yakanywesha, kisha yakapwa. Siku hizi mto umepungua nguvu, na yanayopanda ni ya chumvi. Mashamba mengi yamekufa. Miembe imekauka ingali imesimama.

Mtoto mmoja wa chuoni alipoambiwa achore mpunga, alichora gunia la mchele, kama alionavyo dukani. Hatukuwa na ulimi wa kumkosoa. Bibi mmoja mkongwe aliketi chini, akaokota kijiti, akamwonyesha mchangani jinsi suke linavyoinama likiiva. Tulisimama tukitazama, watu wazima kwa watoto, hata tukasahau rangi zinakauka mikebeni.

Sasa ukutani vimo vyote viwili, suke na gunia. Mwembe tuliuchora ukiwa na maembe yake, ijapokuwa wengine walitaka uchorwe mkavu kama ulivyo. Twakiri kwamba hapo tulijipendelea. Taka hazitupwi tena pale, alhamdulillahi, na wageni husimama wakausifu ukuta. Sifa hizo hutufurahisha na kutuchoma kwa pamoja, maana wali tunaowaandalia ni wa mchele wa kununua.

Bibi yule angali na mbegu, kibuyu kimoja, juu ya dari la jikoni mwake. Vijana wamemwomba awagawie wajaribu tena. Amewajibu kuwa hatatoa hata punje mpaka bamvua lijalo, atakaposhuka mtoni mwenyewe akayaonje maji.