Pwani Isiyo na Lango

Sisi watu wa Chanji twayajua maziwa ya Rukwa na Tanganyika, lakini bahari ni jambo jingine: maji yake hujaa na kupwa mara mbili kwa siku. Jumapili moja jioni tulivuka Daraja la Tanzanite, lililofunguliwa mwaka 2022 juu ya maji ya bahari, tukafika Coco Beach, katika Oysterbay, mjini Dar es Salaam.

Watu walikuwa wengi kama siku ya mnada. Watoto walicheza mchangani, na wauzaji walikaanga mihogo, wakaitia chumvi na pilipili. Mwenye gari zuri na mwendesha bodaboda walingojea zamu mbele ya karai moja.

Yafaa tukumbuke kwamba wakati wa utawala wa Waingereza Oysterbay ilikuwa mtaa wa Wazungu. Mwafrika aliyeonekana huko kwa kawaida alikuwa mpishi, boi au mtunza bustani. Makao yake yalikuwa Kariakoo na mitaa mingine. Sisi tuliingia bila kuulizwa hati wala senti.

Lakini kitu cha wote huharibika upesi. Chupa na maganda tuliyaona mchangani. Basi, atakayejaliwa kufika huko na aketi, ale mhogo wake, kisha aondoke na taka zake. Pwani ikichafuliwa na wote, hatakosekana mtu wa kusema kwamba afadhali izungushiwe ukuta, nasi tutakosa neno la kumjibu.