Baba Iko mu Ziwa

Kosa langu lilikuwa la herufi moja tu, lakini lilimliza mtoto wa watu.

Mama mmoja wa shirika letu hapa Nyalukemba alinijia jioni. Binti yake anasoma Uganda, karo ilikuwa imechelewa, na mwalimu mkuu wa huko hajui Kifaransa. «Mwalimu, umwandikie kwa Kiingereza: baba iko mu ziwa, avumilie.» Mume wake ni mvuvi wa sambaza, mmoja wa wale wanaounga mitumbwi mitatu pamoja na kuvua usiku kwa taa. Nami nikaandika bila wasiwasi: «Her father is in the lake since Monday.»

Kumbe! Mwalimu mkuu alimwita mtoto, akampa pole. Mtoto akasadiki, maana nani kwetu amesahau Oktoba 2024, mashua iliyotoka Minova ilipozama karibu na bandari ya Kituku, Goma, wakafa watu wengi? Tulipompigia simu alikuwa akilia tu.

Kwanza nilikilaumu Kilatini. Seminarini tulizoea kwamba «in» yatosha kwa ndani na kwa juu pia. Kwa Kiingereza haitoshi. Aliye «in» ziwa amezungukwa na maji; aliye juu ya maji, chomboni, yu «on» ziwa. Hata Bukavu husemwa iko «on» Ziwa Kivu, ingawa nyumba zetu zimesimama nchi kavu. Hapo maana yake ni kando. Vyombo navyo vina desturi yao. Mtumbwi na gari dogo, ambamo mtu huketi tu, ni «in». Meli na basi, ambamo mtu aweza kusimama na kutembea, ni «on». (Ile «is» yangu nayo ilikuwa na kasoro, ila haikumliza mtu.)

Lakini, kusema kweli, Kiswahili chenyewe kingaliniokoa. Mvuvi yuko ziwani, aliyezama yumo. Sisi wa Bukavu twasema «iko mu ziwa» kwa wote wawili, nami sikusimama kujiuliza.

Usiku uleule niliandika barua ya pili: «Her father is in his canoe, on the lake.»

Mvuvi aliporudi alipita kwangu na sahani ya sambaza, akicheka. «Mwalimu, ulinizika hata bila Misa!»