Barua kutoka Leipzig: Vidonge vya Sonona Ugenini



Naandika kutoka Leipzig, mashariki mwa Ujerumani, nilikokuja kwa masomo. Desemba hii jua huchomoza saa mbili asubuhi imeshapita, na ikifika saa kumi alasiri limeshazama. Najua wengi wenu mngependa kusikia habari za theluji, treni na bei ya vyakula, nami nitaziandika siku nyingine. Leo nina jambo ambalo wasafiri wengi tunalibeba kimya kimya ndani ya begi: dawa za sonona, na jinsi mtu anavyozipata akiwa mbali na daktari wake.

Mimi ni mmoja wa wanaozitumia. Nilianzishiwa nyumbani kabla ya safari, na zimenirudishia usingizi, hamu ya kula na nguvu ya kusoma. Nalisema wazi kwa sababu huku nimeona watu wa kwetu wakiteseka karibu kabisa na dawa, kwa kuona haya tu kuziulizia.

Mji huu una historia yake na maradhi haya. Mwaka 1811 Chuo Kikuu cha Leipzig kilimpa Johann Christian August Heinroth nafasi ya kufundisha tiba ya nafsi, na nafasi hiyo huhesabiwa kuwa uprofesa wa kwanza wa magonjwa ya akili barani Ulaya. Miaka thelathini baadaye, katika mtaa wa Hainstraße, kijana aliyeitwa Theodor Fontane alikuwa akifanya kazi katika duka la dawa la Adler-Apotheke. Huyo ndiye aliyekuja kuwa mmoja wa waandishi wakubwa wa riwaya wa Kijerumani. Mwaka 1892, akiwa mzee wa miaka sabini na ushei, Fontane alishikwa na sonona nzito hata akashindwa kuandika. Daktari wake akamshauri aiweke riwaya pembeni, aandike kwanza kumbukumbu za utoto wake. Akaandika, akapata nafuu, kisha akaimalizia *Effi Briest*, riwaya inayosomwa hadi leo.

Mfamasia huyo hakuwa na kidonge cha kujitibia, maana vidonge vya sonona havikuwapo. Ni katika miaka ya 1950 ndipo daktari Roland Kuhn, kwenye hospitali ya Münsterlingen nchini Uswisi, alipogundua kwamba imipramini inawainua wagonjwa wa sonona. Fluoksetini ikapata kibali Marekani mwaka 1987. Leo fluoksetini na amitriptilini zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, kwenye orodha moja na dawa za malaria na za kisukari. Kwa hiyo anayezimeza hana haja ya kujificha.

Sasa niwaeleze utaratibu wa huku. Duka la dawa la Ujerumani huitwa Apotheke, na utalijua kwa herufi kubwa A ya rangi nyekundu yenye nyoka na bakuli. Dawa zote za kisasa za sonona hutolewa kwa cheti cha daktari. Kwetu pia sheria inataka cheti, lakini wengi tumezoea kusogea dirishani, kutaja jina la dawa na kuuziwa pakti moja au vidonge vya wiki. Huku jambo hilo halipo. Utamwonyesha mfamasia boksi lako tupu, ataliangalia kwa heshima, kisha atakwambia nenda kwa daktari. Cheti kilichoandikwa na daktari wa nchi ya Umoja wa Ulaya hukubaliwa, ila cha Dar es Salaam au Nairobi hakikubaliwi, hata kiwe na mihuri mingapi.

Namjua kijana mmoja wa kwetu, mwanafunzi wa mji mwingine, aliyefika na vidonge vya mwezi mmoja tu. Vilipokwisha akanyamaza. Hakutaka wenzake anaokaa nao wajue, akajiambia kwamba pengine ameshapona. Dawa yake ilikuwa ya aina inayotoka mwilini haraka. Siku chache baadaye akaanza kuona kizunguzungu, usingizi ukakatika, akawa na hasira zisizo na sababu, na akigeuza shingo anahisi kama shoti ya umeme imempiga kichwani. Akaamini amerogwa. Mama yake akanunua vidonge nyumbani akavituma kwa posta, na kifurushi kikaishia forodhani, kwa sababu mtu binafsi haruhusiwi kuagiza dawa kwa posta kutoka nje ya Umoja wa Ulaya. Aliponisimulia kwa simu nilimwambia ninachokijua: hizo ni dalili za kuacha dawa ghafla, madaktari wanazijua vizuri, nenda kesho kwa daktari wa mtaani kwako umweleze. Alikwenda. Akarudishiwa dawa yake, na dalili zikaisha.

Tulizingatie hilo la kuacha ghafla. Dawa hizi hazimfanyi mtu kuwa teja. Lakini mwili unazizoea, na kuziacha kunataka kupunguza dozi pole pole chini ya uangalizi wa daktari. Tena huchukua wiki mbili hadi nne, pengine zaidi, kabla ya kuleta nafuu. Kwa hiyo anayeziacha leo kwa kuwa zimemwishia, akaanza upya mwezi ujao, amepoteza muda mrefu kuliko anavyodhani, na sonona yenyewe inaweza kurudi katikati hapo.

Mimi nilisafiri na dawa za miezi mitatu, kiwango ambacho msafiri anaruhusiwa kuingia nacho Ujerumani kwa matumizi yake mwenyewe. Daktari wangu wa nyumbani alinipa barua ya Kiingereza yenye jina langu kama lilivyo kwenye pasipoti, jina la ugonjwa, jina la kitaalamu la dawa, uzito wake kwa miligramu na tarehe niliyoianza. Jina la kitaalamu ndilo lililonifaa zaidi. Majina ya biashara hubadilika kutoka nchi hadi nchi, na lililoandikwa kwenye boksi la duka la Kariakoo huenda mfamasia wa Leipzig hajawahi kulisikia, ila akiambiwa fluoksetini miligramu 20 anaelewa papo hapo.

Wenyeji watawaambia kwamba kumpata daktari bingwa wa magonjwa ya akili huku ni kungoja miezi. Ni kweli. Lakini daktari wa familia, anayeitwa Hausarzt, anaruhusiwa kuziandika dawa hizi, na yeye hupatikana mapema zaidi. Niliyempata mimi aliisoma barua yangu hadi mwisho, kisha akaniuliza maswali upya: ninalalaje, ninakulaje, kuna dawa gani nyingine ninazotumia, na kama nimewahi kuwaza kujidhuru. Swali hilo la mwisho aliliuliza kwa sauti ile ile aliyoniulizia habari za usingizi. Hakuinamisha macho wala kunong'ona. Nami nikamjibu kweli tupu, na moyoni nikatamani kila zahanati ya kwetu iwe na mtu wa kuuliza hivyo.

Tangu Januari 2024, kwa wenye bima ya lazima, cheti huku hakiandikwi tena kwenye karatasi ya waridi. Daktari hukituma kwa mtandao, nawe unakwenda duka lolote la dawa na kadi yako ya bima. Dukani kwangu kuna mstari sakafuni: anayengoja husimama nyuma yake ili asisikie ya aliye mbele. Mama mmoja mwenye nywele za mvi aliiingiza kadi yangu kwenye mashine, akasoma, akabonyeza. Nyuma ya ukuta mtambo ukavuma, na boksi likateleza kwenye mfereji hadi mkononi mwake. Lilikuwa la kampuni nisiyoijua, rangi tofauti na la nyumbani. Aliona ninavyolitazama. Akaligeuza, akaweka kidole kwenye jina la dawa na kiwango cha miligramu 20, akasema bima yangu ina mkataba na kampuni hiyo na kilichomo ndani ni kile kile. Pembeni mwa boksi palikuwa na nukta nundu kwa wasioona, na kwenye cheti paliandikwa 1-0-0: kimoja asubuhi, mchana hakuna, usiku hakuna. Kwetu mfamasia angeniandikia 1x1 kwenye bahasha ndogo ya plastiki.

Kabla sijalipa aliniuliza kama nimewahi kutumia Johanniskraut. Huo ni mmea wa maua ya manjano ambao Wajerumani wameutumia tangu zamani kutuliza huzuni, na vidonge na majani yake ya chai huuzwa hata kwenye maduka ya sabuni na mafuta ya kupaka, bila cheti. Msafiri aliyekosa dawa yake anaweza kuuona rafuni akadhani amepata mbadala. Mama yule alinionya: ukiuchanganya na fluoksetini unaweza kupata sumu ya serotonini, yaani kutetemeka, homa na moyo kwenda mbio, hali inayoweza kuua. Aidha hupunguza nguvu za vidonge vya uzazi wa mpango, baadhi ya dawa za kufubaza VVU na dawa za kuzuia damu kuganda. Nimewaandikia hili kwa kuwa sisi ni watu wa mitishamba, na wengi tunaamini kwamba kilichotoka shambani hakina madhara.

Nililipa euro 5. Mwenye bima ya lazima huchangia asilimia 10 ya bei, isipungue euro 5 wala isizidi 10. Asiye nayo hulipa bei yote mwenyewe, kwa hiyo anayekuja kwa muda mfupi aisome vizuri bima yake ya safari: nyingi hukataa kulipia ugonjwa uliokuwepo kabla ya safari. Usiku na Jumapili maduka ya dawa hupokezana zamu, na lililo zamu hutajwa kwenye karatasi mlangoni mwa yale yaliyofungwa. Hapo utahudumiwa kupitia kidirisha, kwa nyongeza ya euro 2.50. Ukihitaji daktari baada ya saa za kazi kwa jambo lisilo la dharura piga 116117. Ukijiwa na mawazo ya kujidhuru usingoje asubuhi: piga 112, au mwombe mtu akupeleke hospitali.

Haya ni ya Ujerumani, na kila nchi ina sheria yake. Japani humruhusu msafiri kuingia na dawa za cheti za mwezi mmoja tu, zaidi ya hapo huombewa kibali maalumu. Katika Falme za Kiarabu dawa zinazodhibitiwa huombewa kibali cha serikali kabla ya safari. Na dawa za usingizi na za kutuliza wasiwasi, kama diazepamu, ambazo wengi wetu huandikiwa pamoja na za sonona, hudhibitiwa vikali zaidi karibu kila mahali. Nawafikiria dada zetu wanaokwenda Muscat, Dubai na Riyadh kufanya kazi za nyumbani. Wakala huwapima kifua, damu na mimba, lakini ni nani anayewauliza kama wana dawa ya kila siku, na wataipata wapi ikiisha?

Kwa hiyo nina maombi mawili. La kwanza ni kwa madaktari na wafamasia wa nyumbani. Mgonjwa akikwambia anasafiri, mwandikie barua bila kungoja akuombe, umpe dozi ya kutosha kadiri nchi aendayo inavyoruhusu, na umweleze wazi kwamba asiache ghafla.

La pili ni kwako unayefunga begi. Uliza ubalozi wa nchi unayokwenda kuhusu dawa yako kwa jina lake la kitaalamu. Iache kwenye boksi lake, uiweke kwenye begi la mkononi pamoja na barua, na nakala ya barua uihifadhi kwenye simu. Ukifika, tafuta daktari wiki za mwanzo, wakati vidonge bado vipo. Mfamasia akikuuliza dawa hii ni ya nini, mjibu kwamba ni ya sonona, kama ambavyo ungemjibu kuhusu ya presha. Mtumishi huyo amesomea kukusaidia, na hawezi kuutibu ugonjwa unaomficha.