Beseni si nyumba ya kobe

Tangu Ziwa Tanganyika lilipopanda mwaka wa 2024 na kuingia ndani ya nyumba za watu hapa Uvira, watoto wa kandokando ya maji wamepata mchezo mpya. Wanaokota kobe wadogo kwenye matope na majani, kisha wanawauza kwa wenzao kwa franka kidogo, ama wanabadilishana kwa mikate ya mafuta. Mmoja amefika hata kwangu, mikononi mwa binti yangu wa miaka tisa. Mgongo wake haufiki sentimeta 5.

Ukipita katika avenyu yetu utawakuta wengine ndani ya mkebe wa rangi, ndani ya bidoni lililokatwa, na zaidi ndani ya beseni la kuoshea sahani. Wengi hawamalizi hata miezi miwili. Watu wanasema kobe ana roho ngumu. Kobe mkubwa, ndiyo. Mdogo anakufa polepole, na kwa sababu halii wala hagombani, mtoto anaona tu siku moja haamki.

Mimi kazi yangu ni redio, na nimezoea kusumbua watu kwa maswali. Nimemuuliza mvuvi mmoja mzee wa Kalundu, nimemuuliza daktari wa mifugo, nimesoma pia. Kati ya kobe wa ziwa letu yuko yule ambaye wataalamu wanamwita Pelusios sinuatus. Akiogopa harudishi kichwa moja kwa moja ndani. Anakunja shingo kwa upande, kisha sehemu ya mbele ya gamba la tumboni inajifunga kama mlango. Akikomaa anaweza kupita sentimeta 40. Kwa hiyo anayesema atamweka ndani ya sufuria maisha yote hajui anasema nini.

Nilienda kwa fundi wa vioo vya madirisha. Aliniuliza kama ninataka kufuga samaki wa kula. Kwa mabaki ya vioo na gundi ya silikoni alinitengenezea tangi la sentimeta 80 kwa 40. Maji tunaweka sentimeta 10 tu, yaani kama mara mbili ya urefu wa gamba, ili aogelee lakini akipinduka aweze kujigeuza. Upande mmoja kuna jiwe bapa kutoka mto Mulongwe, limelala kwa mteremko ili apande bila kuhangaika. Jiwe lazima likae imara. Likiteleza, kobe anabanwa chini na kufa maji, maana anapumua hewa kama sisi.

Jiwe hilo ndilo linalokosekana kwenye beseni. Kobe wa maji anahitaji kutoka na kukauka kabisa, la sivyo gamba linashikwa na ukungu na kuoza. Anahitaji pia jua lenyewe, kwa sababu bila miale yake mwili hautumii vizuri chokaa ya chakula, na gamba linabaki laini. Ulaya wanawasha taa maalumu kwa kazi hiyo. Sisi umeme wetu mnaujua, lakini jua tunalo bure. Ila jua linalopita kwenye kioo cha dirisha halisaidii, maana kioo kinazuia miale ile. Tangi letu linakaa barazani, wazi juu, na wavu wa kuzuia kunguru na paka. Anaota jua la asubuhi, saa moja mpaka saa tatu, na nusu ya tangi ina kivuli muda wote. Tangi la kioo kwenye jua la saa sita hapa Uvira ni chungu juu ya moto. Kwa ndugu wa Bukavu shida ni nyingine, ni baridi: maji yanatakiwa yawe kama ya ziwa letu, nyuzi 25 hadi 28.

Chakula ni minyoo ya ardhi, wadudu, na ndagala wabichi wadogo pamoja na mifupa yao. Ndagala wa chumvi hapana, mkate hapana. Tunamlishia kwenye bakuli la pembeni, ili maji ya tangi yasichafuke upesi.

Maji ndiyo yaliyoleta maneno nyumbani. Tangi linachukua lita 32, zaidi ya bidoni moja na nusu, na bidoni linabebwa kichwani. Mke wangu aliniambia, "Papa, kobe wako anatumia maji kukupita wewe." Ana haki. Sasa binti anachota mwenyewe, na ya bomba anayaacha usiku kucha kwenye ndoo wazi ili dawa ipungue. Maji machafu yanaenda kwenye mgomba, siyo kwenye lengalenga.

Sababu ni salmonela. Kobe anaweza kuibeba na kuonekana mzima kabisa. Marekani walipiga marufuku mwaka wa 1975 kuuza kobe wenye gamba chini ya sentimeta 10 hivi, kwa kuwa watoto walikuwa wakiwatia mdomoni na kuugua. Mimi nina mwingine nyumbani anayetambaa. Katika mji huu unaoijua kipindupindu, mtoto akianza kuharisha usiku hakuna anayelala. Kwa hiyo tangi liko juu ya meza, mbali na jiko, na sabuni iko pembeni. Asiyenawa hamshiki kobe, hata mgeni.

Bora zaidi kobe abaki ziwani, na tumekubaliana kwamba wetu atarudishwa palepale alipookotwa kabla hajachanganywa na wengine. Binti ameomba asubiri mpaka likizo kubwa. Bado tunabishana.

Wiki iliyopita kijana wa jirani alileta wake, gamba limelegea na macho yamevimba. Tulimtengea beseni lake pembeni, na jiwe, na jua. Juzi alikula mnyoo mmoja. Beseni lenyewe lilikuwa la sahani; mama wa kijana amelisugua kwa sabuni na jivu, kisha akasema kuanzia sasa ni la kobe, yeye halitaki tena jikoni mwake.