Kukaa Chini ya Mbuyu

Katika Kiswahili msiba hukaliwa. Wafiwa hukaa matanga, mjane hukaa eda miezi minne na siku kumi, na jirani aliyekuja na kilo mbili za sukari haulizwi amekuja kufanya nini, kwa kuwa amekuja kukaa. Anayejua kusoma hitma husoma, anayejua kupika hushika mwiko, na asiyejua lolote kati ya hayo huketi mkekani hadi jua linapozama, na kuketi kwake huhesabiwa kuwa ni mchango. Nimelifikiria sana neno hili, kukaa, tangu nilipoanza kucheza, katika sebule ndogo ya nyumba yetu hapa Ilford, mchezo wa video unaoitwa Tales of Kenzera: ZAU.

Najua kuna wasomaji watakaoshangaa kuona gemu ikijadiliwa mahali palipozoea tenzi na riwaya. Nawaomba wanivumilie, kwani hoja yangu ni ya lugha zaidi kuliko ya vitufe, ingawa vitufe navyo nitavifikia.

Mchezo huu ulitoka Aprili 2024, kwa PlayStation 5, Xbox Series, Nintendo Switch na kompyuta. Uliundwa na Surgent Studios, kampuni ndogo ya Uingereza iliyoanzishwa na Abubakar Salim, mwigizaji wa Kiingereza mwenye asili ya Kenya, ambaye wapenzi wa michezo ya video walimjua kwanza kwa sauti: ndiye Bayek wa Assassin's Creed Origins ya mwaka 2017. Baba yake alifariki mwaka 2013, na Salim amesema hadharani kwamba mchezo ulizaliwa na msiba huo. Kisa chenyewe kimo ndani ya kisa kingine. Zuberi, kijana wa mji wa siku zijazo uitwao Amani, amefiwa na baba. Anafungua kitabu alichoandikiwa na baba huyo, na ndani yake anakutana na Zau, mganga kijana ambaye naye amefiwa na baba. Zau anamwita Kalunga, mungu wa mauti, na kuwekeana naye mapatano: yeye atamletea roho tatu kubwa zilizokataa kuondoka duniani, na Kalunga atamrudishia baba yake. Safari ya kuzitafuta roho hizo ndiyo anayoicheza mchezaji.

Wajuzi hubishana kama mchezo wa namna hii uitwe wa kuigiza uhusika au wa kuruka na kupigana tu. Kuna mti wa ujuzi, kuna alama za uzoefu, kuna nguvu mpya zinazofungua njia zilizokuwa zimefungwa. Na zaidi ya hayo kuna uhusika ambao mchezaji anautwaa kwa saa nane au kumi, uhusika wa mfiwa. Kwangu hilo la mwisho lilitosha.

Baba yangu alifariki Tanga, nyumbani kwake Ngamiani, alfajiri ya Ijumaa, na akazikwa siku hiyohiyo baada ya swala. Ndivyo inavyotakiwa, na hakuna ndege inayoweza kushindana na utaratibu huo. Wanawake wa kwetu hatushuki makaburini. Sehemu yetu ya msiba ni kukaa ndani na wenzetu. Kwa hiyo nilichokikosa mimi hakikuwa kaburi. Kilikuwa mkeka. Wakati dada zangu wamekaa wanawake thelathini katika ua mmoja, mimi nilikuwa nasikiliza treni za Elizabeth line zikiingia na kutoka Ilford, na majirani wa chini, watu wema kabisa, hawakujua kwamba juu yao kulikuwa na matanga ya watu wawili, mimi na mwanangu wa miaka kumi na mitatu.

Mwanangu naye alikuwa amepoteza kitu ambacho sikukitambua mara moja. Babu yake hakujua Kiingereza cha kuzungumzia. Kila Jumapili walipigiana simu, na babu aliuliza maswali ambayo hakuna mwingine aliyemwuliza kwa Kiswahili: umeota nini wiki hii, nani amekuchekesha, unaogopa nini huko shuleni. Mtoto alijibu kwa kuchechemea, lakini alijibu. Simu hizo zilipokoma, Kiswahili kilichobaki nyumbani kilikuwa cha amri: njoo, kula, oga, zima taa, vaa koti. Kila mzazi wa ughaibuni anakijua Kiswahili hicho. Ni lugha kamili ya kuendeshea nyumba, na haina nafasi ya huzuni.

Jambo hili si la nyumba moja. Katika maduka ya Ilford Lane na Cranbrook Road nimewahi kusalimiwa kwa Kiswahili na wazee wenye asili ya Kihindi, waliokulia Nairobi, Kisumu au Kampala, waliokuja Uingereza miaka ya 1960 au baada ya Idi Amin kuwafukuza Waasia wa Uganda mwaka 1972. Hukumbuka kwa furaha, na mimi huwaitikia kwa heshima. Ila Kiswahili chao nacho, mara nyingi, ni cha amri: lete, weka, ngoja, haraka. Walijifunza jikoni na dukani, wakiwaagiza wafanyakazi. Historia zetu mbili ni tofauti sana, lakini zimekutana katika mtaa mmoja wa mashariki ya London na mabaki yanayofanana: lugha inayojua kutuma watu na kupanga bei, na ambayo hakuna aliyeizoea kwa kulia.

Ndiyo maana ushauri wangu wa kwanza kwa atakayecheza ZAU ni huu: kabla hujagusa kitu kingine, ingia katika mipangilio na uchague sauti za Kiswahili. Mchezo mzima unaweza kusikilizwa kwa lugha yetu, jambo adimu mno katika michezo ya konsoli. Mtoto ambaye Kiswahili chake ni chepesi mwachie maandishi ya Kiingereza chini ya skrini. Macho yatasaidia masikio, na baada ya saa mbili utaona masikio yameanza kutangulia. Mwanangu hakuwa amewahi kumsikia kijana wa umri wa kukaribiana naye akikasirika kwa Kiswahili, akijigamba, akikejeli, akilia. Alidhani lugha ile ni ya watu wazima wenye haraka.

Ushauri wa pili unahusu barakoa. Zau amerithi mbili zilizoundwa na baba yake, ya jua na ya mwezi. Ya jua ni ya moto na mapigano ya karibu. Ya mwezi ni ya baridi na mashambulizi ya mbali. Wanaoanza hupenda moja na kuisahau nyingine, na mwanangu alikuwa mtu wa jua mpaka vidole vikamwuma. Afadhali kuzoea kuzibadilisha papo kwa papo, katikati ya pambano, kama mpishi anavyohama kati ya jiko la mkaa na la gesi bila kuacha chungu kiungue. Anayelemewa kabisa asione haya kupunguza ugumu. Hakuna anayepewa cheo kwa kuteseka, na hadithi haipungui neno.

Ushauri wa tatu unahusu alama za uzoefu, ambazo mchezo unaziita Ulogi. Sikio la Mswahili halilipiti neno hili bila kusimama: kuloga, mlozi, ulozi, mambo yanayonong'onwa nyuma ya mlango. Mgeni wetu mmoja, mama wa makamo kutoka Mombasa, nusura amwage chai aliposikia mtoto akitangaza kwa furaha kwamba amekusanya ulogi mwingi na sasa anatafuta pa kuutumia. Tulicheka, kisha tukalazimika kueleza, na maelezo yakageuka mazungumzo marefu kuhusu mganga na mchawi, na kwa nini bibi zetu waliwatenganisha kwa makini huku wakoloni wakiwaweka kapu moja. Kwa upande wa matumizi, nashauri ulogi wa mwanzo uelekezwe kwenye barakoa moja hadi mkono uizoee, ndipo ugawiwe.

Sasa nafika kwenye mibuyu. Katika safari yake Zau hukuta mibuyu mikubwa, na chini yake anaweza kuketi. Anapoketi mapambano hukoma, naye husema yaliyo moyoni mwake kuhusu baba yake. Hakuna adui wa kumpiga wala fumbo la kufumbua. Anapoinuka, kiwango cha juu cha uhai wake kimeongezeka.

Wachezaji wenye pupa huipita mibuyu hii au huichukua kama duka la kununulia uhai. Mimi nililelewa kuuogopa mbuyu. Tuliambiwa tusipite chini yake mchana wa jua kali wala wakati wa magharibi, kwa kuwa una wenyewe. Na katika Kiswahili cha leo, kuzunguka mbuyu ni kutoa kitu kidogo ili mambo yaende. Zau hauzunguki. Anaukalia. Walioubuni mchezo huu wangeweza kumwongezea uhai kwa kila adui aliyemwua, kama michezo mingi ifanyavyo, na hakuna ambaye angelalamika. Wameuweka mahali pa kuketi na kusema. Sijui kama waliwahi kuhudhuria matanga ya pwani, lakini kanuni waliyoiandika katika mchezo wao ni ya matanga: nguvu ya mfiwa hujengwa na muda anaokubali kukaa.

Nina mashaka yangu pia, na mhakiki wa haki asiyafiche. Viumbe wa Kenzera wametoka pembe nyingi za bara. Impundulu, ndege wa radi, ni wa masimulizi ya Waxhosa na Wazulu. GaGorib ni wa Wakhoikhoi. Kikiyaon anatoka Afrika Magharibi. Na jina Kalunga lina uzito mkubwa kwa Wakongo, kwao likiwa mpaka wa maji baina ya walio hai na waliokufa. Kukusanya hivyo kuna hatari ya kuifanya Afrika kijiji kimoja. Tena kwa Mwislamu wa Tanga wazo lenyewe la kupatana bei na mauti ni zito. Kwetu Izraili hapokei ofa, na mfiwa huambiwa kazi ya Mola haina makosa. Nilipoyaeleza haya kwa mwanangu alinisikiliza, kisha akaniuliza kama mimi sikuwahi, hata siku moja, kuomba mapatano ya aina hiyo kimoyomoyo. Swali lile angeliuliza babu yake.

Kuhusu mchanganyiko wa viumbe, nimefikia kukubali kwamba Kiswahili kimekuwa kikifanya kazi hiyo kwa karne nyingi, kubeba hadithi za watu wasiojuana na kuzifanya zisikilizane. Inamfaa mzazi au mwalimu asiache jambo hilo juu juu: kila roho inapotokea, simamisha mchezo, fungua ramani, onyesha imetoka wapi. Sisi tulifanya hivyo mezani, na atlasi ya shule.

Mambo ya biashara hayakwenda vizuri kama hadithi. Miezi michache baada ya mchezo kutoka, studio ilipunguza wafanyakazi. Mwaka huohuo ilitangaza kwamba inatafuta mfadhili wa mchezo mwingine, huo sasa wa kuigiza uhusika bila ubishi, uliopewa jina la Project Uso. Wasomi wetu wanaolalamika, kwa haki, kwamba Kiswahili hakimo katika teknolojia, wana sababu ya kununua mchezo huu, kuufundishia na kuuhakiki. Lugha huingia katika konsoli pale watu wanapolipa ili iingie.

Tulichukua wiki tatu kuumaliza, tukipokezana pedi. Mbuyu mmoja, nadhani wa tatu au wa nne, mwanangu aliacha Zau ameketi, akaiweka pedi mezani, akaniuliza kwa Kiswahili chake cha kuchechemea, "Mama, babu yuko kaburi gani?" Sikuwa nimeliona kaburi. Nikampigia dada yangu Tanga, nikampa simu mtoto. Akamwamkia mama yake mkubwa, akarudia swali lake, kisha akanyamaza kusikiliza. Dada yangu alimsimulia kwa zaidi ya nusu saa: nani alimwosha babu, nani alikata sanda, mvua ilivyonyesha kidogo halafu ikaacha, udongo ulivyokuwa. Mtoto alielewa nusu. Nusu nyingine aliniuliza mimi baada ya simu kukatwa, na nilimjibu kwa Kiswahili, kwa sababu maneno yenyewe, kama jeneza la msikitini linaloazimwa na kurudishwa, na mwanandani anamolazwa maiti akiwa ameelekezwa kibla, sijawahi kuyasema kwa lugha nyingine.